Nyumbani tunamficha daktari mitishamba, kwa nini?

Jana kliniki hapa Ujerumani, kabla sijaonana na daktari wangu wa utumbo, nesi alinipa fomu yenye swali moja ninalolipenda: mbali na dawa za hospitali, unatumia nini kingine? Nikaandika mlonge, chai ya manjano, na ile dawa ya unga anayonitumia mama mkubwa kutoka Moshi. Daktari alisoma yote. Mlonge na chai, sawa. Unga akaomba niuache, maana hatujui una nini ndani, na kwa azathioprini ninayomeza, dawa ya kushusha kinga ya mwili inayoweza kudhuru ini, ini langu linapimwa kila mara. Hakucheka wala hakunigombeza.

Najua mtasema, "Kafika Ulaya, sasa anatufundisha." Hapana. Muhimbili walianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu 2002. Hilo najivunia, na huku nalisema kwa sauti. Ila nenda zahanati unahara damu, umeshamaliza dozi za amiba na taifodi, kisha thubutu kutaja mganga. Utafokewa foleni nzima isikie. Nenda kwa mganga, naye anataka kwanza uache vidonge. Mgonjwa wa kolitisi, yaani vidonda vya utumbo mpana, anabaki anawadanganya wote wawili, na anayeumia ni yeye. Tulishaona 2011, watu walipokunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu wa Loliondo wakaacha ARV zao. Inaniuma hadi leo.

Kuna atakayesema manjano yamemponya shangazi yake. Sikatai manjano. Utafiti uliochapishwa 2015 uliwapa wagonjwa wa kolitisi gramu 3 za kurkumini, kiini cha manjano, kwa siku, na zaidi ya nusu yao dalili zilitulia ndani ya mwezi mmoja. Lakini wote walikuwa wanaendelea na mesalazini, dawa ya hospitali ya kolitisi! Tena manjano ya jikoni yana kurkumini kama asilimia 3 tu, kwa hiyo kufikia gramu hizo ungekula karibu gramu 100 za unga kila siku. Kijiko kwenye uji ni chakula kizuri, basi.

Sidai mashine za Ulaya. Manesi wetu tayari wanauliza kama una mzio wa dawa. Waongeze na hili la mitishamba, waliulize bila kukunja uso, na jibu liandikwe kwenye faili.