Alama zimeshuka, moshi ni uleule

Afisa mazingira wa kiwanda kimoja cha ushonaji pale Athi River, Kenya, alinitandazia karatasi mbili mezani, ya mwaka huu na ya mwaka uliotangulia. Boila ni ileile, mita ya maji ni ileile pale langoni, bili ya stima karibu haijasogea. Kilichosogea ni alama za mazingira, na zimesogea kwenda chini. Mnunuzi wa Marekani hakuwa na maneno mengi: elezeni kwa nini mmerudi nyuma, na mlete mpango wa marekebisho. "Nimwambie nini?" akaniuliza. "Hatujarudi popote."

Kipimo chenyewe ni Higg FEM, cha kupima utunzaji wa mazingira viwandani, na ni cha muungano wa kampuni za nguo uliokuwa ukiitwa Sustainable Apparel Coalition, ambao tangu Februari 2024 unajiita Cascale. Kila mwaka kiwanda hujijazia majibu kuhusu mwaka uliopita katika sehemu saba: usimamizi wa mazingira, nishati na gesi joto, maji, majitaka, hewa chafu, taka na kemikali. Kisha mkaguzi wa nje huja kuhakiki. Novemba 2023 likatoka toleo la 4.0. Maswali yakapangwa upya, sehemu ya kemikali ikasogezwa karibu na miongozo ya ZDHC, mpango wa kuondoa kemikali hatari kwenye nguo, na uzito wa alama ukaegemea zaidi kwenye kazi iliyofanyika kuliko ahadi iliyoandikwa.

Waliobadilisha wana hoja, na si ndogo. Katika toleo la zamani, la 3.0, ngazi za chini zilikuwa za kujua na kupanga: una sera, unarekodi, umejiwekea lengo. Kiwanda chenye karani hodari wa mafaili kingeweza kujiokotea alama nyingi kabla ya mtu yeyote kufunga hata bomba moja linalovuja. Nimeona mafaili ya namna hiyo, yana vichupo vya rangi na mihuri kila ukurasa, na nje ya dirisha mtaro una povu. Halafu jina la Higg lilikuwa limeshachafuka. Mwaka 2022 mamlaka ya walaji ya Norway ilisema takwimu za Higg kuhusu malighafi hazitoshi kumwambia mteja kwamba vazi ni rafiki wa mazingira. Hicho kilikuwa kipimo kingine, cha vitambaa na si cha viwanda, lakini nani dukani hutofautisha? Muungano ulihitaji kipimo kisichotoa alama kirahisi. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu uko kwenye safu ya jedwali. Kwenye kompyuta ya idara ya ununuzi, alama za toleo la zamani na za toleo jipya hukaa bega kwa bega, na kati yao mshale mwekundu. Anayepanga oda hasomi maelezo ya chini ya jedwali. Anaona mshale.

Sisi wenyewe tunalijua hili vizuri. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ya 2023 yalipotangazwa, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa wameruka kutoka takriban 173,000 hadi zaidi ya 201,000. Mwaka huohuo kanuni ya kukokotoa wastani ilikuwa imelegezwa: masomo ya lazima katika hesabu ya wastani yakabaki hisabati na lugha moja, mengine yakawa yale aliyofanya vizuri mtahiniwa. Hiyo haikuzuia shule kukodi bendi. Kanuni ikilegea tunacheza, ikikazwa tunatafuta wa kulaumiwa, na huyo mtoto aliyekaa kwenye dawati hakuna anayemtazama upya.

Tazama jumla inavyofanya kazi, kwa mfano wa kubuni tu. Chukua sehemu saba zenye uzito sawa. Sehemu moja ikishuka alama 35 kwa sababu maswali ya kemikali yameongezeka, jumla inashuka 5. Mnunuzi anaona 5 na hajui zimetoka wapi. Sasa geuza. Kiwanda kinapoteza 20 kwenye majitaka na kupata 20 kwenye usimamizi, pengine kwa kuajiri karani wa mafaili tuliyemtaja. Jumla inasimama palepale, hakuna mshale, hakuna barua pepe, na mto unapokea kile unachopokea. Namba hiyohiyo moja inamtisha asiye na kosa na kumfichia mwenye kosa. Mimi hesabu hii hainitoki kichwani, maana ugomvi wote wa 3.0 na 4.0 unapigwa juu ya jumla, na jumla ndiyo yenye habari kidogo kuliko kila kilichomo kwenye ripoti.

Kuna jambo la pili, na hapa viwanda vyetu vinaonewa bila mtu kukusudia. Alama nyingi za nishati na maji hufuata njia moja: weka mwaka wa msingi, weka lengo, kisha onyesha umepunguza. Stima ya Kenya, karibu asilimia 90 yake hutoka kwenye jotoardhi la Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Kiwanda cha Athi River kimeanza kikiwa mbali mbele ya mwenzake anayetumia gridi ya makaa ya mawe, ila kipimo cha kupunguza humtuza zaidi aliyekuwa na kikubwa cha kupunguza. Yule afisa aliniambia cherehani zao walizibadilisha zamani, wakaondoa mota za klachi zinazonguruma mfululizo hata fundi akiwa anakunja kola, wakaweka za sevo zinazozunguka pale tu mguu unapokanyaga. Akiba hiyo ilipatikana kabla ya mwaka wa msingi. Kwenye fomu haimo.

Nikamuuliza na mimi swali la mkaguzi: maji ya boila ya pasi ni kiasi gani, ya vyoo ni kiasi gani? Akacheka. Mita ni moja, ya langoni. Hapo toleo jipya lina haki ya kumbana, kwa sababu usichokipima huwezi kukipunguza kwa makusudi, na pengine bila kubanwa mita za ndani zisingenunuliwa kamwe. Lakini atakayezinunua ni kiwanda. Ada ya kutumia Higg FEM kwa kawaida hulipwa na kiwanda, mkaguzi hulipwa na kiwanda, na juu yake kuna ukaguzi wa kila mwaka ambao sheria ya mazingira ya Kenya, EMCA ya 1999, inautaka upelekwe NEMA, mamlaka ya mazingira. Mnunuzi anayeisifu mizani mipya bei yake kwa kila shati haijapanda hata senti.

Kwa hiyo mizani mipya ibaki. Kuirudisha ya zamani ili watu wajisikie vizuri ni kuwalipa tena wenye mafaili. Ila mwaka wa kwanza wa toleo lolote jipya usitumike kugawa wala kunyang'anya oda, uwe mwaka wa kuanzia kuhesabu. Na anayetaka kulinganisha asome sehemu kwa sehemu, na kabla ya alama atazame vipimo vyenyewe: lita za maji kwa kila shati, kilowati-saa, tani za kuni zilizoingia kwenye boila. Lita haibadiliki toleo likibadilika.

Yule afisa aliandika jibu lake siku hiyohiyo. Aliambatanisha bili za stima za miaka miwili na picha ya mita ya langoni, tarehe ikionekana. Nilipompigia juzi, bado walikuwa wanasubiri majibu, na bei za mita tatu za ndani zilikuwa zimeshafika mezani kwa meneja.