Mshale wa pili ndo ulioninyima usingizi

Mwezi wa tatu mvua ilinikuta Hombolo zabibu zimeshaiva, nimebakiza siku chache tu nivune, naenda shamba asubuhi nakuta punje zimepasuka, maji matamu yanachuruzika na nyuki wamejaa kila kichala. Hapo nani asiumie?

Ila kilichonimaliza sio zabibu, ni usiku wake na wiki zilizofata: jirani mbona aliwahi kuvuna, mimi nina mkosi gani, hela ya dawa niliyokopa naitoa wapi, yani saa nane usiku niko macho nasikiliza upepo unavyogonga bati. Na kila anayekuja anasema "pole, usiwaze sana". Jamani huu ushauri tuuache, mtu ukimwambia asiwaze anawaza mara mbili alafu anajilaumu kwanini anawaza. Huku Dodoma ukitaja akili watu wanataja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kama vile akili inaangaliwa ikishaharibika tu.

Mimi ni Mkristo na nimebaki Mkristo, ila kwenye hili Buddha kanisaidia sana. Kuna fundisho lake la mshale, kwa Kipali, lugha ya zamani ya maandiko ya Kibudha, linaitwa Sallatha, anasema mtu asiyejifunza akipata maumivu ya mwili analia anajipiga kifua, hapo ni kama kachomwa mshale alafu akaongezewa wa pili. Aliyejifunza nae anachomwa, ila mmoja. Hajasema usiumie!

Na alionyesha mpaka pa kushikia. Kitu kikikugusa inakuja kwanza vedana, ile ladha ya mwanzo kabisa, tamu au chungu au ya katikati, alafu ndo inafata tamaa, unang'ang'ania au unataka kukimbia. Ladha huwezi kuizuia, ila ukiishtukia pale pale inapoingia, kabla hujaanza kuitungia hadithi, unapata kanafasi. Kadogo, ila kapo. Marekani mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, akawa anawafundisha wagonjwa wa maumivu sugu kuyaangalia maumivu yenyewe kwa utulivu, na mazoezi aliyatoa huku huku kwa Wabudha.

Juzi usiku anayenidai kapiga simu. Kifua kikabana, nikasema kimoyomoyo "hii ni chungu", nikaacha iite mara mbili nasikilizia tu pale kifuani, ndo nikapokea, nikamwambia nina nusu, nyingine mwezi wa nane nikivuna.