Cheti kilitoka kabla ya sabuni kukauka

Juu ya kabati la ofisi ya walimu, skulini kwetu, pana sahani ya bati yenye vipande vitatu vya sabuni ya mwani. Kimoja kimepasuka katikati. Cha pili kinatoa jasho kila masika yakikaribia. Cha tatu nilikijaribu siku moja baada ya kufuta ubao, mikono ikanichonyota mpaka magharibi. Mgeni akiuliza ni za nini, humwambia ni kumbukumbu ya mradi.

Mradi wenyewe ulikuja kwa heshima zote. Gari mbili, bango, wanafunzi wa chuo kikuu kumi na wawili na wahadhiri wao wawili. Ulikuwa wa kuunganisha skuli za sekondari, chuo na wanajamii, ili vijana wajifunze ujasiriamali. Siku ya kwanza tulisomeshwa sifa za mjasiriamali (mthubutu, mbunifu, asiyekata tamaa, mnazijua). Siku ya pili ikawa ya mpango wa biashara. Siku ya tatu, iliyosubiriwa na kila mtu, wakaitwa kina mama watatu wa kikundi cha hapa kijijini, wilaya ya Micheweni, Pemba, ikatengenezwa sabuni. Mafuta ya nazi yakapimwa, kostiki (ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) ikapimwa, unga wa mwani ukatiwa, kitu kikakorogwa mpaka kikawa kizito kama uji, kikamiminwa kwenye boksi. Saa tisa vikagawiwa vyeti na picha zikapigwa. Saa kumi gari zikaondoka.

Sasa, sabuni ya namna ile inataka kiasi cha wiki nne ndipo ikauke na kutulia. Watoto wangu walipewa cheti cha kutengeneza sabuni ambayo ilikuwa bado laini ndani ya boksi.

Na mizani iliondoka na gari. Ile mizani ndogo ya kupimia gramu ilikuwa mali ya mradi, imeandikwa namba kwa wino mweupe, lazima irudi. Asiyejua ataona ni jambo dogo. Kilo moja ya mafuta ya nazi inakula kostiki gramu mia na themanini hivi, na mtengenezaji mwenye busara anapunguza kidogo ili pabaki mafuta ya kulainisha ngozi. Ukizidisha, sabuni inachubua. Ukipunguza sana, inabaki donge la mafuta lisilotoa povu. Kazi hii haifanyiki kwa macho wala kwa kibaba. Wanafunzi wangu walipojaribu mara ya pili, peke yao, walipimia kikombe cha kahawa. Matokeo ndiyo hayo yaliyo juu ya kabati.

Nimeanza na sabuni kwa sababu nimechoka kusikia kwamba vijana wa Pemba hawana mwamko. Hawa walikuwa na mwamko wa kutosha. Walichokosa ni mizani, na mtu wa kurudi baada ya mwezi kuwaambia wamekosea wapi.

Nasomesha biashara na uwekaji hesabu, na fikra ya kuunganisha skuli, chuo na jamii naiunga mkono kwa moyo mmoja. Kisiwa hiki kinaihitaji. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ina kampasi Mchangamdogo, hapa hapa Pemba, na kutoka pale kuja Micheweni si safari ya kufunga mizigo. Skuli tunazo, vijana tunao, kina mama wanaojua kazi wamejaa pwani. Ila kila mmoja ana kalenda yake. Skuli inakwenda na muhula na mtihani. Chuo kinakwenda na fildi, wiki chache ambazo mwanafunzi anatafuta mahali pa kupigiwa muhuri. Mfadhili anakwenda na mwaka wake wa fedha. Mwani unakwenda na mwezi wa angani.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kiini.

Mwani haulimwi siku unayotaka wewe. Unangoja bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yatoke mpaka mbali ndipo uingie shambani kufunga na kuvuna. Yakija maji mafu, unakaa nyumbani unasokota kamba. Na pwani zetu hizi, siku za bamvua maji hukauka saa nne, saa tano asubuhi. Saa nne asubuhi mwanafunzi wa kidato cha tatu yuko wapi? Yuko mbele yangu, ananakili kutoka ubaoni maana ya gharama za uzalishaji. Mama yake yuko maji ya magotini, ameinama, anazizalisha gharama zenyewe. Tukitoka skuli saa saba na kitu, maji yamesharudi, shamba limefunikwa, somo limekwisha.

Tangu mwani uanze kulimwa kibiashara mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, sijasikia ratiba ya skuli hata moja iliyopangwa kwa kuutazama. Mche unachukua kama wiki sita kukomaa. Ndani ya wiki hizo mvua kubwa inaweza kushuka, au joto likazidi, mwani ukapauka na kukatika wote. Mwani mnene, wenye bei nzuri, sehemu nyingi umekataa kabisa kwa joto la maji, watu wamebaki na mwembamba. Haya ndiyo mambo ya biashara: hasara, kungoja, kubadilisha zao. Hayaingii katika siku tatu za ukumbini hata ukiongeza chai na sambusa.

Jengine ni hili la nani mwalimu. Kwenye semina ile kina mama watatu walikaa mstari wa nyuma. Waliitwa "wanajamii". Mmoja wao, jirani yetu ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa, ameingia pwani kabla wale wanafunzi wa chuo hawajazaliwa. Anajua kamba ipi inaoza, mnunuzi gani mizani yake inakula, na kwamba kilo kumi za mwani mbichi hazikupi hata kilo mbili kavu. Hakuulizwa kitu. Alifundishwa namna ya "kutambua fursa". Nilimsindikiza jioni yake, nikamuuliza ameonaje. Akasema, "Watoto wazuri, wana adabu. Ila mwanangu, wale hawajawahi kuuza kitu."

Wala sitaki kumfanya Bi Mkubwa kuwa mtume. Naye kuna asiyoyajua. Hajui kwamba kipande kimoja cha sabuni ya mwani kwenye maduka ya watalii Mji Mkongwe kinauzwa kwa bei ya kilo kadhaa za mwani wake mkavu, na hajui vibali vya kufikia huko: Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), usajili wa jina la biashara, kodi. Hapo ndipo chuo kina kazi. Mwanafunzi wa chuo anaweza kukaa naye akapiga hesabu ya saa anazotumia, kamba, nauli, mwani uliopotea, wakajua kilo moja imemgharimu nini hasa. Hiyo ndiyo hesabu ambayo Bi Mkubwa hajawahi kuipiga, na nadhani moja ya sababu ni kwamba anaogopa jibu.

Halafu kuna sisi Wapemba na karafuu zetu. Mtoto wa hapa anakua anachuma, analipwa kwa pishi, usiku anachambua, asubuhi anaanika jamvini. Kazi anaijua. Lakini hajawahi kuona mtu mzima akipatana bei ya karafuu, kwa sababu haipatanwi. Mnunuzi halali ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali, bei inatangazwa, na ukipeleka pengine unaitwa mla magendo. Sibishani na utaratibu huo leo, una faida zake kwa mkulima. Nasema tu kwamba zao letu kubwa halitufundishi kujadiliana. Mtoto akitaka kujifunza hilo apelekwe diko la Tumbe alfajiri, akasikilize mnada wa samaki. Karafuu inafundisha jambo jengine: makonyo, vile vikonyo vya karafuu, hayatupwi. Yanapelekwa kiwandani Wawi yakakamuliwa mafuta. Kuna siku mtu aliyatazama makonyo akajiuliza yana nini ndani. Swali hilo lina thamani kuliko sifa kumi za mjasiriamali, na lingetuokoa na huu ugonjwa wa kila kikundi kutengeneza sabuni, kila kikundi batiki, kila kikundi kuku. Nani atanunua sabuni hizo zote Micheweni? Na nani anatengeneza mashine za boti zinapoharibika? Tunazipeleka Chake, tunangoja wiki.

Wanaopenda mifano ya nje huitaja Junior Achievement ya Marekani, iliyoanza Springfield, Massachusetts, mwaka 1919. Nimeusoma mpango ule nikaupenda kwa jambo moja tu. Vijana wanaunda kampuni ndogo, wanauza hisa kwa jamaa na majirani, wanatengeneza kitu, wanauza, na mwisho wa muda wanaifunga. Hesabu inasomwa, kilichobaki kinagawiwa, kama ni hasara inajulikana ni hasara. Vikundi vyetu vya vijana havifungwi. Vinafifia. Mwenyekiti anakwenda Unguja kutafuta kazi ya hoteli, daftari linabaki kwa katibu, fedha hakuna anayekumbuka, na kila mtu anaona haya kuuliza.

Nikaenda na fikra hiyo kwa Bi Mkubwa kama mtu aliyeokota lulu. Akacheka. Akanionyesha sanduku la hisa.

Kumbe ndivyo. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Kila wiki wananunua hisa, wanakopeshana, anayechelewa anatozwa faini, na mwaka ukitimia, wao wamepanga kabla ya Idi, wanavunja, wanasoma hesabu mbele ya wote, wanagawana, wanaanza upya. Mama zetu wanafunga mahesabu kila mwaka, chini ya mwembe, na mimi mwenye shahada nilikuwa natafuta mfano Massachusetts.

Mwaka jana nikaomba wanafunzi wangu wawili wakae na kikundi kama wasaidizi wa katibu. Wiki ya pili Bi Mkubwa akamjaribu mmoja wao. "Nina hisa ngapi mimi?" Msichana akafungua daftari, akapitisha kidole. "Arubaini na nane, bibi." "Hamsini na mbili." Kimya. Msichana akarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, wenzake wanangoja, jua linapenya majani. Akaipata: wiki moja ukurasa uliisha, hisa za wiki ile zikaandikwa chini kabisa, lakini hazikuingia katika jumla iliyovukishwa ukurasa wa pili. Hisa nne za Bi Mkubwa, alizonunua wiki mwanawe alipomtumia fedha, zilibaki nyuma ya karatasi. Nimesomesha kuvukisha salio miaka tisa. Sijawahi kuona darasa likielewa kama alivyoelewa yule msichana kwa dakika zile.

Halikwenda sawa lote. Mama mmoja alinifuata nyumbani usiku. "Mwalimu, samahani, yule mtoto ni wa jirani yangu. Leo kaona deni langu, kesho deni langu liko kisimani." Alikuwa na haki. Tukajaribu kutumia namba badala ya majina, ila kijijini namba inajulikana ni ya nani kabla wiki haijaisha. Sasa tumebadilishana na skuli ya shehia nyengine, wanafunzi wangu wanakwenda kwao na wao wanakuja kwetu. Nauli imekuwa tatizo jipya, na mpaka sasa naitoa mfukoni.

Hapo ndipo ningependa fedha za miradi zije. Nauli ya watoto wawili kwa mwaka haifikii gharama ya bango na vitafunio vya siku tatu. Mizani ibaki skulini. Bi Mkubwa alipwe posho kama wanavyolipwa wawezeshaji, kwa sababu ndiye anayewezesha. Mwanafunzi wa chuo fildi yake ikatwe vipande, aje kila bamvua badala ya kuja wiki nane mfululizo halafu asionekane tena. Najua ripoti itakuwa nyembamba. Kuandika "vijana sitini wamejengewa uwezo" kunapendeza zaidi kuliko "wanafunzi wawili wamegundua kosa la hisa nne".

Na wapo wasiotaka biashara. Ninaye kijana anayetaka kuwa muuguzi, basi. Tusimwambie kila asiye na kazi kwamba dawa yake ni ujasiriamali, kana kwamba ajira ni jambo la aibu kuliuliza.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwalimu mkuu na kalenda ya mwezi mkononi. Nikaomba asubuhi mbili za bamvua kila mwezi, kidato cha tatu, pwani. Akaitazama muda mrefu. "Na mkaguzi akija akute darasa tupu?" Nikasema tangazo libandikwe mlangoni, aelekezwe ufukweni. Hakucheka, lakini amenipa asubuhi moja kwa majaribio.

Nilipomwambia Bi Mkubwa, hakuuliza ratiba wala malengo. Aliuliza kama watoto wana yeboyebo, maana huko wanakokwenda kuna miba. Nimehesabu. Thelathini na mmoja, wenye viatu kumi na tisa.