Boza la saa tatu

Mtaani kwetu boza la maji lilikuwa na saa yake. Saa tatu kasorobo asubuhi linapita, linamwaga maji ya kutuliza vumbi kutoka geti la saiti ya ujenzi hadi kona ya duka la dawa, na saa tatu kamili gari jeupe la mhandisi mshauri, mkaguzi wa kazi, linaingia. Ikifika saa tano, jua la Dar limeshakolea, njia imekauka kama vile haijawahi kuona tone, na matipa ya kokoto ndiyo kwanza yanaanza kupishana. Mama lishe wa pale kando aliijua ratiba hiyo kuliko msimamizi wa mradi. Vitumbua na maandazi aliyamaliza kabla ya saa nne, kisha anafunika masufuria yake na kungoja jioni.

Siku ya kwanza nilicheka. Baadaye kicheko kilinikauka, maana niliwahi kukaa stoo ya saiti nyingine kwa karibu miaka miwili na najua hesabu ya boza inavyokwenda. Kwenye daftari langu dizeli ilitoka ya safari nne kwa siku. Barabarani zilionekana moja, mbili siku ya ukaguzi. Iliyobaki ilikwenda kwenye jenereta, na nyingine huko ilikokwenda sitasema. Sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa ilikuwa yangu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "maendeleo hayaji bila vumbi", namsikiliza tu. Kulituliza vumbi kuna gharama yake, na mtu fulani ameikwepa. Ikikwepwa haipotei: dobi anafua mara mbili, fundi cherehani anafunga dirisha na kushona gizani, mtoto mwenye pumu anapelekwa zahanati kwa bajaji. Hao hawakuomba zabuni.

Ukitaka kujua inakwepwaje, fungua BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei iliyo kwenye mkataba. Mikataba niliyoishika mimi ilikuwa na zege iliyopimwa kwa mita za ujazo, nondo kwa tani, plasta kwa mita za mraba. Ukifika kwenye mazingira unakuta mstari mmoja mwembamba, "hatua za kulinda mazingira", na mbele yake fedha ya mkupuo. Zege isipomwagwa hailipwi. Huo mstari wa mkupuo unalipwa boza lipite lisipite. Mkandarasi anayecheleweshewa malipo miezi mitatu, na bei ya saruji imepanda, ataanza kubana wapi? Mimi mwenyewe ningeanzia hapo hapo.

Rai yangu ni kwamba vumbi lipimwe na lilipwe kama zege. Kila safari ya boza iwe na bei yake, iandikwe, na isainiwe na mtu ambaye halipwi na mradi. Mjumbe wa mtaa anatosha. Najua utasema mjumbe naye atapewa soda. Huenda. Lakini mjumbe anaishi pale, shuka zake zimeanikwa pale, na majirani wana macho. Karani wa stoo jioni anapanda daladala na kwenda kwao.

Hata hivyo boza lisitupumbaze. Sehemu kubwa ya vumbi huzuiwa bila boza kupita. Tipa likipunguza mwendo kwenye njia ya udongo, vumbi linapungua papo hapo: nusu ya mwendo, karibu nusu ya vumbi. Turubai juu ya mchanga, lililofungwa kweli na siyo kutupiwa kichwani kama kitenge cha msibani. Kifusi cha ghorofani kishushwe kwa bomba hadi chini, kisirushwe kutoka orofa ya nne huku kijana akipiga kelele "chini hukooo!" Na getini pawepo mahali pa kuosha matairi, kwa sababu tope linalotoka saiti asubuhi ndilo vumbi la barabarani mchana.

Lakini vumbi ninaloliogopa hasa halina wa kulilalamikia. Lile jekundu la njiani linachafua nguo, linakera, watu wanapiga simu redioni. Lile jeupe la grenda, fundi anapokata marumaru au tofali la saruji bila maji, linabaki ndani ya chumba pamoja na fundi na kijana wake. Mchanga, zege na granaiti vina madini yaitwayo silika, na chembe zake zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani wanaujua ugonjwa unaoletwa na chembe hizo, na Hospitali ya Kibong'oto imewapokea wengi wenye silikosisi na kifua kikuu, maana mapafu yenye makovu ya silika hushikwa na TB kirahisi. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 1997. Fundi wetu hachimbi tanzanite, lakini anavuta silika ile ile akiwa amejifunga leso puani.

Dawa yake inafahamika: mashine ya meza yenye beseni la maji, au kile kikataji cha mkono kinachochora marumaru na kuivunja bila vumbi. (Tafadhali, usimwagie maji grenda ya kawaida ya umeme. Utakufa mapema kuliko silika ingekuua.)

Moshi nao upo. Tangu 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo, jambo jema, ila katapila lililochoka linatoa moshi mweusi hata ulinyweshe dizeli ya namna gani. Sheria hatukosi: ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zikaja 2007. Hakuna kipimo kinachoning'inia kwenye uzio wa mabati, basi.

Mwishowe nilichukua daftari, safari hii la kwangu. Wiki mbili, siku 12 za kazi, boza lilipita mara 13. Nikalipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye akaenda nalo getini. Jumatatu iliyofuata boza likapita saa tatu kasorobo, na saa saba likapita tena. Likafanya hivyo siku tatu mfululizo, hadi mama lishe akathubutu kupika ubwabwa wa mchana. Siku ya nne mvua za vuli zikaanza, na sasa mtaa mzima tunalalamikia tope.