Kaye moja lilibaki mezani

Jumamosi iliyopita meza yetu ilijaa makaye, madaftari ya shule. Binti yangu mkubwa alikuwa anayavika karatasi za kaki, mdogo wake anaandika majina, mimi nimeshika mkasi. Shule zinafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na siku hizo nyumba yoyote yenye watoto hapa Lubumbashi inanukia karatasi mpya na gundi. Kazi ilipoisha kaye moja lilibaki. Nikawaomba wanipe. Nikalivika karatasi na lenyewe, nikaandika jina langu juu, nikakaa nalo hadi bukari, ugali wetu, ikapoa.

Malengo ya Januari sijawahi kuyaamini. Januari mvua inanyesha kila mchana, franga zimekwisha kwenye sikukuu, na sisi wahasibu tunahangaika kufunga hesabu za mwaka uliopita. Nani atapata nafasi ya kufikiria maisha yake? Mwaka wetu wa kweli unaanza sasa. Baridi ya Juni na Julai imekwenda, joto limeingia, mijakaranda inajiandaa kutoa maua. Wenye mashamba upande wa Kafubu wanasafisha ardhi tangu sasa, ingawa mahindi hayatapandwa mpaka mvua ishike vizuri, kwenye Novemba. Hata mtoto wa miaka saba anajua kwamba amepanda darasa. Mtu mzima hana anayempandisha. Anarudi kwenye kiti kilekile, mbele ya faili lilelile, na kwa kuwa amepumzika kidogo anadhani amekuwa mpya.

Hapo ndipo ninapotaka kusema neno langu. Kwa Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002, mfanyakazi mzima ana haki ya angalau siku moja ya likizo kwa kila mwezi aliofanya kazi. Ukijumlisha ni siku 12 kwa mwaka, na ziada ya siku moja kwa kila miaka mitano ya utumishi. Siku 12 zinatosha kulala, kumtembelea mama, kupaka rangi ukuta mmoja wa nyumba. Hazitoshi kuondoa mazoea. Asubuhi yangu ya kwanza kazini baada ya likizo, mwezi uliopita, kabla sijafungua kitabu cha hesabu, mkono wangu ulikuwa umeshafungua ujumbe wa simu. Ilipofika saa nne nilikuwa bado najibu.

Kwa hiyo sikuandika malengo. Wiki ile ile ya kurudi nilifanya kwanza kile tunachofanya ghalani kila mwisho wa mwaka: nikahesabu kilichopo. Tamko la TVA, kodi ya ongezeko la thamani, linatakiwa kila mwezi, tarehe 15 ndiyo mwisho. Tangu Januari nilikuwa nimetoa matamko manane. Nilipotazama tarehe na saa kwenye kompyuta, sita kati yake niliyamaliza usiku wa tarehe 13 au 14, watoto wamelala, macho yananiwasha. Sababu niliyokuwa nikiitoa siku zote, kwa mkubwa wangu na kwa bwana yangu, ni umeme. Na ni kweli umeme unakatika, hasa kiangazi kinapokaribia mwisho na maji ya mito yamepungua. Lakini ofisini kwetu asubuhi nyingi unakuwepo mpaka karibu saa sita. Mimi ndiye niliyekuwa nautumia kwa mazungumzo, kisha nikiulilia jioni. Iliniuma kuliona hilo kwa maandishi yangu mwenyewe.

Sasa nimegawa kazi kwa njia nyingine. Umeme ukiwepo, naingiza fakitira, yaani ankara, na kupiga hesabu ya ile asilimia 16 ya TVA, basi. Ukikatika, natoa sanduku la risiti: napanga, nalinganisha na vitabu, nawapigia wateja waliosahau kututumia karatasi zao. Ujumbe wa simu unangoja mpaka saa tano. Ijumaa nafunga wiki, ili tarehe 13 inikute nimebakiza kidogo. Wiki tatu si nyingi, lakini Agosti yote imeshaingia vitabuni, na bado tuko mwanzo wa Septemba.

Kuhusu lengo lenyewe, ninamfikiria mzee aliyenifundisha kazi. Alijifunza uhasibu kwa mfumo wa Kongo wa mwaka 1976, akaufanyia kazi maisha yake yote. Kisha tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu ikaingia rasmi OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na hesabu zote zikalazimika kuhamia mfumo mwingine. Yeye alikuwa amepita miaka hamsini. Wenzake kadhaa waliamua kungoja pensheni. Yeye kila Jumanne baada ya kazi alibaki ofisini na kundi moja tu la akaunti za mfumo mpya, akilinakili kwa mkono wake. Hakutangaza kwa mtu. Miezi ilipita, tukaanza kwenda kwake kuuliza.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoandika malengo kumi. Septemba kuna minervali, yaani ada ya shule, kuna yunifomu, viatu. Lengo linalodai franga nyingi litakufa kabla ya wiki ya pili. Chagua moja linalodai saa. Mimi nimechagua Kiingereza cha karatasi za mizigo. Shaba na kobalti yetu nyingi inapita Kasumbalesa kuingia Zambia, na karatasi zinazorudi zimeandikwa kwa lugha ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikimpelekea kijana wa meza ya pili anisomee. Sitaki tena. Karatasi tatu kila wiki, Jumanne na Alhamisi, mchana, nikiwa na kamusi.

Nimemwambia mkubwa wangu, na ningependa wakubwa wengine wasikie. Sheria inaweka saa 45 za kazi kwa wiki. Ndani ya hizo, mpe mtu saa mbili za kujifunza kitu ambacho kesho kitakufaa wewe mwenyewe. Na mtu anaporudi likizo, msimwite kwenye mikutano siku ile ile ya kwanza. Mwacheni nusu siku apange meza yake na kuona alikoishia. Wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema tujaribu mpaka Desemba.

Jana Jumanne umeme ulikatika saa sita na robo. Nikafungua kaye langu na karatasi ya kwanza. Nilikwama mstari wa tatu, kwenye neno la yule ambaye mzigo unapelekwa kwake. Nikalitafuta, nikaliandika kwa Kifaransa, na pembeni yake kwa Kiswahili: mpokeaji.