Kiatu cha Msweden

Jamani, mimi sina ugomvi na nyuklia. Ugomvi wangu ni na watu wasiosema mambo mapema. Mtaani kwetu maji yanakatika Jumatatu, tangazo la kukatwa maji linabandikwa Alhamisi, tena lina muhuri na linatuomba tuhifadhi maji ya kutosha. Tuhifadhi kutoka wapi, kwenye macho?

Sasa nchi yetu Kenya inataka mtambo wa nyuklia. Walianza kuitupia jicho Uyombo, huku kwetu Kilifi, watu wakaandamana mwaka 2024. Siku hizi macho yamehamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Tunaambiwa tusihofu: sheria ya kusimamia usalama wa nyuklia tunayo tangu 2019, na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki walishakuja kutazama maandalizi yetu. Haya, nimesikia. Lakini sheria haipigi hodi usiku kuniamsha.

Tazama Chernobyl, mtambo wa nyuklia wa Usovieti, mahali ambapo leo ni Ukraine. Kinu namba 4 kililipuka usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1986. Serikali ya Usovieti, kimya! Pripyat, mji wa watu karibu 50,000 pale pale jirani na mtambo, Jumamosi hiyo watoto walikwenda shule kama kawaida. Mabasi yalikuja kuwahamisha Jumapili mchana. Wakaambiwa wachukue vitu vichache tu, ni safari ya siku tatu. Mpaka leo mji ni mahame.

Na unajua nani aliyeitoa siri nje? Kiatu! Jumatatu asubuhi, mfanyakazi wa mtambo wa nyuklia wa Forsmark huko Sweden, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chernobyl, alipita kwenye mashine ya kupima mionzi, mashine ikapiga kelele. Wakadhani ni wao wanaovuja. Wakakagua kote, wapi! Kumbe uchafu umeletwa na upepo, ukashuka na mvua, ukaganda kwenye soli. Wasweden wakaanza kuuliza maswali, na jioni hiyo ndipo televisheni ya Moscow ikasoma sentensi chache, kavu kama mhogo wa juzi.

Septemba mwaka huo huo mataifa yakakutana Vienna, yakapitisha mkataba: ukipata ajali ya nyuklia na mionzi inaweza kuvuka mpaka, wajulishe wenzako upesi. Yaani umbea ukatiwa saini na mabalozi waliovaa suti! Kuna mama hapa mtaani amefanya kazi hiyo bure maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumlipia hata nauli ya kwenda Malindi.

Basi juzi tukaitwa barazani kuhamasishwa. Afisa kavaa kofia ngumu, ukumbini! Slaidi zikapita, kinga baada ya kinga, kuta za zege nene. Nikanyoosha mkono: "Samahani mheshimiwa, kinu kikivuja, sisi raia tutajuaje?"

"Kutakuwa na king'ora, mzee wangu."

"Kinatumia nini?"

"Umeme."

Ukumbi ukaangua kicheko, hadi chifu akaficha uso kwa faili. Afisa akasema hilo ni swali zuri sana, litachukuliwa, na majibu yatatumwa kwa maandishi. Nimemwomba yasipitie kwa wale wa tangazo la maji.