Jongoo na Mpangaji Wake

Majongoo bahari wanne ndani ya ndoo, ndoo katikati ya miguu yangu, daladala limeshiba watu mpaka mlangoni. Huo ndio uliokuwa msafara wetu wa kisayansi kutoka Jambiani kwenda Mjini, Unguja. Gari la mradi lilikuwa bovu, spiriti kali ya kuhifadhia vipande vya nyama haijafika, na Daktari, msimamizi wangu, kaniambia kwenye simu: "Walete hai. Nataka niwaone rangi zao kabla hazijafifia."

Wengi wetu jongoo bahari, yule mnyama laini mwenye umbo la tango anayelala chini baharini, tunamjua kwa bei anayonunua Mchina, basi. Lakini kumtambua ni aina gani ni mtihani. Wa aina moja wanaweza kuwa na rangi mbalimbali, na wa aina mbili wakafanana mpaka ukaapa ni ndugu. Akishachemshwa na kukaushwa ndiyo kabisa, jiwe tu. Yule mweusi anayeitwa pauni, wataalamu kwa miaka walimhesabu kuwa aina moja kuanzia kwetu mpaka Pasifiki. Mwaka 2004 vinasaba vikaonesha kwamba wa Bahari ya Hindi ni Holothuria nobilis na wa Pasifiki ni mwingine, Holothuria whitmaei. Ndiyo maana tunakata kipande kidogo cha nyama, tunasoma sehemu ya jeni iitwayo COI, herufi 658 hivi za vinasaba, halafu tunazilinganisha na zilizohifadhiwa GenBank, hazina ya vinasaba ya mtandaoni. Kazi ya mezani, yenye glovu na kiyoyozi.

Karibu na Kitogani dereva akalivaa tuta bila salamu. Ndoo ikaruka, ikalala ubavu.

Sasa jongoo akiudhiwa hana meno ya kung'ata wala miguu ya kukimbilia. Ana makalio. Kwa huko ndiko anakopumulia, na baadhi yao kwa hukohuko hutoa silaha: nyuzi nyeupe zenye kunata ajabu. Yule mwenye madoadoa, namba nne, akazimwaga zote kwenye buibui la bibi aliyekaa mkabala wangu. Hakutosheka, akafuatisha na matumbo.

"Astaghfirullah! Kijana, umebeba nini wewe?"

"Jongoo bahari, bibi. Ni utafiti."

"Utafiti gani huu wa kunizalia miguuni?"

Kabla sijajibu, mpangaji naye akatoka. Kuna samaki mwembamba, hana magamba, mwili unapitisha mwanga, ambaye makazi yake ni ndani ya jongoo. Huingia kwa mlango wa nyuma, mara nyingi mkia mbele, bila kubisha hodi. Nilikuwa nimemsoma vitabuni. Kumuona kwa macho, ndiyo siku ile, akijinyonganyonga sakafuni mbele ya abiria wote.

Kimya. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua akainama, akamtazama vizuri, akasema, "Kumbe kazaa kweli. Samaki."

Bibi hakungoja somo la viumbe. Akamshika jongoo kwa ncha ya kanga akamtupa dirishani, na sampuli namba nne ikaishia upande wa msitu wa Jozani, kwa kima punju. Katika purukushani ile utingo akamkanyaga samaki. Mwenyewe akaona aibu, akachukua kipande cha boksi, akazoa kila kilichokuwa pale chini, akanitilia kwenye mfuko. "Kaka, mzigo wako kamili. Ila nauli ya ndoo mbali."

Nikalipa. Ya buibui pia nikalipa, na hiyo ilikuwa kubwa kuliko posho yangu ya kazi.

Maabara, wale watatu wakakatwa kwa utaratibu. Wa nne alibaki mfuko. Nikamshauri Daktari tuutupe. "Usitupe kitu," akasema. "Kata popote, vinasaba ni vinasaba." Nikachagua kipande kilichoonekana hakina mchanga wa viatu.

Majibu yalipotoka, watatu wakasomeka jongoo bila ubishi. Wa nne, samaki. Jamii ya Carapidae, ya wapangaji wale wale, herufi safi, hata chembe ya shaka hamna. Daktari akaniita ofisini akafunga mlango.

"Siku ile mchana ulikula nini?"

"Muhogo, Daktari."

"Muhogo mtupu?"

"Mtupu. Huyo samaki katoka kwenye jongoo."

"Katoka vipi?"

Jaribu kumweleza mama wa makamo, tena mcha Mungu, samaki katokea wapi na kaingilia wapi, huku ukitafuta maneno ya adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye dari. Kisha akanisukumia fomu ya sampuli: "Jaza upya, ukweli mtupu."

Mahali ilipokusanywa: sakafu ya daladala la Jambiani, karibu na Kitogani. Njia ya kukusanya: kipande cha boksi. Mkusanyaji: utingo.

Akavaa miwani, akaisoma taratibu, akauliza kama utingo alikuwa na kibali cha utafiti.